Jinsi ya kujenga uraia na usawa shule ya msingi, kuanzia zamu ya kufagia mpaka sanduku la kura

Walimu wenzangu, huu mwongozo ni kwa shule zetu za kawaida za serikali hapa Tanzania, zile ambazo madawati hayatoshi, maji yanakuja na ndoo vichwani, na mwalimu mmoja ana vipindi mpaka anasahau chai, kwa hiyo humu hamna kitu cha kununua zaidi ya manila na maka peni. Maadili tumeyafungia kwenye somo. Lile somo la Uraia na Maadili lilikuwa na mambo yake makubwa, kuheshimu jamii, kuithamini, kuwajibika, kustahimili, uadilifu na kudumisha amani, na kwenye mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 maadili yanaenda pamoja na Historia ya Tanzania, sawa, ni vizuri, lakini mtoto anaweza kuandika hayo yote kwenye mtihani akapata vyema kabisa halafu akitoka nje anakuta wasichana peke yao wanadeki, kiranja kateuliwa na mwalimu kwa sababu ana umbo kubwa na sauti nzito, na yule ambaye mama yake hajaleta mahindi kasimama pembeni wenzake wanakunywa uji. Kati ya hayo mawili atashika lile analoliona kila siku. Kwa hiyo tunaanza na ya kila siku.

1. Wiki ya kwanza angalia tu, usibadilishe kitu

Chukua kaunta buku, chora safu chache: nani kafagia, nani kachota maji, nani kaulizwa swali darasani, nani anakaa nyuma kabisa, nani hakula, nani kachapwa na kwa kosa gani. Mbele ya kila kitu andika me au ke, na kama mtoto ana ulemavu weka alama. Usitangaze mstarini kwamba unafanya hivyo maana watu watajirekebisha kwa wiki moja afu basi. Ijumaa jumlisha, peleka kwenye kikao cha walimu, ila majina ya walimu usiyataje, ukitaja jina la mtu kikao kizima kitakuwa cha kujitetea na hamtafika popote. Weka namba mezani zijiseme zenyewe. Walimu wengi wanashangaa kweli, mtu anaamini kabisa anauliza watoto wote kumbe wanaojibu ni walewale sita wa mbele.

2. Zamu za kazi zipangwe kwa safu za madawati, sio kwa jinsia

Hii ndo ya kuanza nayo kwa sababu haihitaji kibali cha mtu yeyote. Safu ya dirishani Jumatatu inafagia darasa, safu ya katikati inachota maji, safu ya mlangoni inaokota takataka uwanjani, kesho wanazunguka. Fyekeo anashika msichana pia, fagio la chelewa anashika mvulana pia. Vyoo kila upande wadeki vyao, wavulana vya wavulana, wasichana vya wasichana, ile ya kuwatuma wasichana wakasafishe vyoo vya wavulana ikome.

Sasa kuna jambo dogo ambalo wengi wanalipita. Mvulana wa darasa la tano ambaye nyumbani hajawahi kushika dekio hajui kudeki, atamwaga maji, atasukumasukuma, atamaliza sakafu ikiwa chafu kuliko alivyoikuta, na mwalimu atachoka atasema ee bwana wewe toka, waje wasichana, na hapo zamu imekufa. Kwa hiyo siku ya kwanza onyesha, inama mwenyewe. Dekio unalichovya unalikamua mpaka lisichuruzike, unaanzia kwenye kona ya ndani unarudi nyumanyuma kuelekea mlangoni ili usikanyage ulipopita, maji yakiwa meusi unabadilisha. Dakika tano tu. Baada ya wiki mbili atadeki sawa na mwenzake.

Na kazi za ofisini tuzungumze wazi. Kuosha vikombe vya chai ya walimu, kumbeba mtoto wa mwalimu, kupeleka mboga nyumbani kwa mwalimu muda wa vipindi, hizi karibu siku zote wanaitwa wasichana na kila mara wanakosa kipindi. Ziondoeni. Mwalimu mtu mzima anaosha kikombe chake.

Mzazi akija kulalamika kwamba mwanawe wa kiume anafanyishwa kazi za kike, mpokeeni kwa heshima, mkalisheni, mwambieni tangu enzi za Mwalimu Nyerere na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 shule zetu zilisema kazi ni ya kila mwanafunzi, na kijana akienda bweni sekondari hakuna dada wa kumfulia. Wengi wanaelewa. Asiyeelewa msimbadilishie mwanawe zamu.

3. Kopo la majina

Kata vipande vya karatasi, kila mtoto aandike jina lake, weka kwenye kopo la maziwa. Ukiuliza swali hesabu mpaka kumi kimoyomoyo, wape nafasi ya kufikiri, halafu chomoa jina. Aliyejibu jina lake linakaa kwenye kopo la pili mpaka la kwanza liishe. Mtoto asiyejua anaruhusiwa kusema naomba nisaidiwe na anamtaja mwenzake, hachekwi. Kuchekwa kwa mtu aliyekosea ndo kunakoua sauti za watoto, hasa wasichana wa madarasa ya juu wanaoanza kujionea aibu, kwa hiyo kwenye hili uwe mkali siku zote bila kuchoka. Kwa darasa la watoto mia na zaidi kopo moja litachukua siku mbili tatu kuisha, haina shida.

4. Uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, ufanywe kama uchaguzi kweli

Hapa nitakaa kidogo maana ndo mahali mtoto anaonja uraia kwa mikono yake mwenyewe.

Kwanza ratiba. Darasa la saba wanamaliza mtihani wao Septemba, kwa hiyo panga uchaguzi Agosti, viongozi wanaomaliza wawafundishe wapya kazi kabla hawajaondoka. Wagombea watoke darasa lililo chini ya la mwisho.

Pili, kabla ya jina lolote kutajwa, andikeni vigezo na majukumu na mbandike ukutani. Kama walimu mnataka mgombea awe na mahudhurio mazuri, semeni mapema. Kinachoharibu kila kitu ni mwalimu kukaa kimya, watoto wanapiga kura, afu anasema huyu hapana, simtaki, awe fulani. Mtoto wa miaka kumi na mbili akiona kura yake imebadilishwa na mtu mkubwa hatasahau, na atakuja kuwa mtu mzima anayesema hata nikipiga kura kuna faida gani. Bora shule isifanye uchaguzi kabisa kuliko kufanya halafu kubadilisha matokeo.

Kwenye majukumu angalieni kaka mkuu na dada mkuu. Shule nyingi kaka mkuu ndo anatoa taarifa mstarini, anasimamia nidhamu, anapokea wageni, dada mkuu anaachiwa usafi na wasichana wanaoumwa. Gawanyeni upya: wiki hii huyu anaongoza mstari, wiki ijayo yule, taarifa kwa mwalimu mkuu wanatoa wote wawili.

Tatu, undeni tume ya wanafunzi watano ambao hawagombei na mwalimu mmoja wa kuwasaidia. Mgombea anachukua fomu, anatafuta wadhamini kumi, watano wavulana watano wasichana. Hii ya wadhamini wa pande zote mbili ina maana yake, mvulana analazimika kwenda kuongea na wasichana wamwamini na msichana vilevile.

Nne, kampeni siku tatu, kila mgombea dakika mbili mstarini, asiahidi kitu ambacho hakiko mikononi mwake, mwanafunzi hawezi kuahidi kujenga bweni. Anaweza kuahidi kwamba mpira utatoka na wasichana watacheza siku mbili kwa wiki, kwamba foleni ya bombani wadogo watatangulia. Kugawa pipi au hela ya maandazi ni rushwa, jina linafutwa, na waelezeni kwa nini.

Tano, siku ya kura. Daftari la mahudhurio ndo daftari la wapiga kura. Darasa la kwanza na la pili ambao bado kusoma ni shida, kila mgombea awe na picha yake ndogo ya kuchora, embe, samaki, kikombe, ndala, ila msitumie alama wala rangi za chama chochote cha siasa, shule ni ya watoto wote. Sanduku ni katoni lililokatwa tundu juu, mbele ya watu linageuzwa waone ni tupu, linafungwa kwa gundi ya karatasi. Dawati moja liwekwe kwenye kona likiangalia ukuta, mtoto anaingia peke yake, anaweka tiki, anakunja, anatumbukiza, anachovya kidole kwenye wino. Hakuna mwalimu wala kiranja wa kusimama nyuma yake. Watoto wanaoshindwa kuona au kushika kalamu wachague wenyewe mtu wa kuwasaidia.

Kuhesabu kufanyike palepale mbele ya wote. Mjumbe wa tume anainua karatasi, anaionyesha, anasoma, mwingine anachora mistari ubaoni, minne imesimama na wa tano unakata katikati. Watoto wanahesabu pamoja kwa sauti na hata darasa la kwanza wanajua nani anaongoza. Matokeo yaandikwe kwenye manila, wagombea wote wasaini, yabandikwe nje ya ofisi. Aliyeshindwa apewe dakika ya kuongea, ampongeze mwenzake. Aliyeshinda aape kwa maneno yaliyoandikwa na wanafunzi.

Na kiranja asipewe fimbo. Hata kidogo. Kazi yake ni kukumbusha, kuandika na kutoa taarifa. Kiranja mwenye fimbo anajifunza kwamba uongozi ni kupiga, na wale wadogo wanajifunza kwamba kiongozi ni wa kumwogopa.

5. Sheria za darasa, baraza la Ijumaa na sanduku la maoni

Sheria watunge wenyewe, zisizidi saba, kwa maneno yao, na ziseme cha kufanya kuliko cha kutofanya. "Tunamsikiliza anayeongea mpaka amalize." Na zimfunge mwalimu pia, kama sheria inasema tunawahi kipindi basi mwalimu akichelewa anawaambia watoto samahani. Hilo neno moja kutoka kwa mtu mzima linafundisha kuliko mada nzima.

Ijumaa kipindi cha mwisho kila darasa likae baraza. Mwenyekiti anabadilika kila wiki, mvulana, msichana, mvulana, msichana, katibu anaandika kwenye daftari. Ajenda tatu tu: yaliyoenda vizuri, yaliyotusumbua, tumeamua nini. Wiki inayofuata mnaanza na kusoma maamuzi yaliyopita, limefanyika au halijafanyika. Mwalimu anakaa nyuma, anaongea akiombwa, na najua hii ni ngumu kwetu.

Sanduku la maoni lifungwe kufuli, funguo zikae kwa walimu wawili, mmoja mwanamke, wafungue pamoja kila wiki. Mambo ya kawaida yajibiwe mstarini, hata yale yasiyowezekana, mnasema haiwezekani kwa sababu hii na hii. Lakini karatasi ikisema kuna mtu anamshikashika mtoto, au nyumbani anaumizwa, hiyo haisomwi mstarini wala haipelekwi barazani. Inaenda kwa mwalimu wa malezi na ushauri siku hiyohiyo, afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, na kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto inayopigwa bure, iandikeni kubwa ukutani mahali mtoto anapoiona bila kuulizwa anatafuta nini. Msiyamalize kifamilia. Anayetajwa akiwa ni mwalimu mwenzetu ndo kabisa msiyamalize kifamilia.

6. Uji

Tangu elimu bila malipo ianze 2016 ada hamna, ila chakula kwa shule nyingi bado ni michango ya wazazi, debe la mahindi, maharage, hela ya kuni na mpishi. Afu saa nne kengele inalia na mwalimu wa zamu anasoma majina ya ambao hawajachangia, wanakaa chini ya mti. Mtoto hana mahindi, mahindi ni ya baba na mama. Unamwadhibu kwa njaa kwa deni ambalo hawezi kulilipa, tena mbele ya wenzake wote, halafu saa tano unamfundisha kwamba watu wote ni sawa.

Fanyeni hivi. Orodha ya wachangiaji ikae ofisini, isisomwe kwa watoto milele. Kamati ya shule ikae na wazazi wakubaliane ziada kidogo ya kila debe iende kwa watoto ambao kweli kwao hamna, na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji asaidie kuwatambua bila kuwatangaza. Anayeweza ila hataki kuchangia aitwe yeye mzazi. Shamba la shule lilimwe kwa ajili ya sufuria. Foleni waanze wadogo, vikombe vifanane kama inawezekana, na kiranja wa chakula asiwajazie marafiki zake, hili watoto watalileta barazani wenyewe mkiwapa nafasi.

7. Watoto wenye ulemavu na wenye ualbino

Katiba yetu ya 1977 ibara ya 12 inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, na kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Sasa ichukue hiyo ibara uiweke kwenye mstari wa saa moja na nusu asubuhi, jua limeshatoka, na mtoto mwenye ualbino kasimama hapo kwa nusu saa ya matangazo. Mstari uhamie kivulini, au yeye akae kivulini bila kuomba ruhusa kila siku. Kofia pana na mikono mirefu ni haki yake hata kama sio sare. Macho yake mara nyingi hayaoni mbali, akae mbele lakini sio pale mwanga wa dirisha unapompiga usoni, mwandikie herufi kubwa, soma kwa sauti unachoandika ubaoni, na mruhusu asogee mpaka kwenye ubao. Wengi walionekana wazito darasani kumbe hawaoni. Majina ya kuwaita ya mtaani yakome, na hapa walimu tuanze na midomo yetu. Na njiani asitembee peke yake, tunajua nchi hii watoto hawa wamepitia nini, pangeni wenzake wa kitongoji kimoja watembee naye kwenda na kurudi.

Kwa wengine: darasa lenye mtoto anayetembea kwa shida lihame liwe la chini karibu na choo, ngazi ijazwe udongo na mawe mpaka iwe mteremko, kazi hiyo wazazi wanaimaliza Jumamosi moja. Kwenye michezo apewe nafasi ya kweli, kushika filimbi, kuweka alama, kucheza kwa sheria mliyoibadilisha kidogo, sio kulinda mabegi. Na kwenye wagombea wa uongozi awemo akitaka, wala sio kwa kuonewa huruma.

8. Dini, kabila na lugha

Fupi tu. Kipindi cha dini kila mtoto aende kwa mwalimu wa imani yake, asiye na mwalimu apewe kazi ya kusoma, asilazimishwe kukaa kwa wengine. Ramadhani usiwapangie waliofunga mbio za mchana. Utani wa makabila ni mzuri ukiwa wa pande mbili na wote wanacheka, ukiona anayetaniwa kanyamaza huo umeshakuwa kitu kingine. Mtoto wa awali aliyetoka kwao anajua Kimaasai au Kisukuma tu asiadhibiwe kwa lugha ya mama yake, mpe rafiki wa kumtafsiria, Kiswahili atakijua ndani ya miezi.

9. Fimbo

Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Sasa jiulize shuleni kwako hicho kitabu kipo wapi. Kuanza na kutii sheria iliyopo ni somo la uraia tayari, maana huwezi kumwambia mtoto afuate sheria wakati kila mwalimu anatembea na fimbo kwapani. Mimi msimamo wangu ni kuiacha kabisa. Kaharibu, atengeneze. Kamtukana mwenzake, waitwe wote wawili, kila mmoja aeleze bila kukatizwa, aliyekosa aseme atafanya nini kurekebisha, na mfuatilie. Kachelewa, mwulize kwanza kabla hujamhukumu, wapo wanaochota maji mbali na kumwogesha mdogo wao kabla ya kuja.

10. Wazazi na pesa

Uwazi watoto wanausoma kwenye ubao wa matangazo. Ruzuku iliyoingia, tarehe, imetumika nini, salio, bandikeni nje kwa herufi kubwa, afu darasa la juu wapeni ile karatasi kama zoezi la hisabati. Kwenye mkutano wa wazazi viongozi wa wanafunzi wapewe robo saa kusoma taarifa yao wenyewe, isiyoandikwa na mwalimu. Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, tunayowakumbuka wanafunzi wa Soweto wa 1976, watoto wasiishie kucheza ngoma mbele ya wageni, wapewe kipaza sauti wawaulize maswali mtendaji na diwani.

Kama shule yenu ina walimu wanne na hamuwezi yote kwa pamoja, muhula wa kwanza chukueni zamu za kazi, kopo la majina na uji. Baraza la Ijumaa lianze darasa moja ambalo mwalimu wake ana moyo, wengine watakuja kuangalia. Uchaguzi uwekeni Agosti, vigezo viandikwe Juni kabla hamjafunga.